Madam wa Mbalamwezi

Ukitaka kumjua Madam usianzie shuleni. Anzia soko la Mwanga, kwenye meza za mafuta ya kula. Miaka ile ya wakimbizi karibu kila nyumba ya Kigoma ilikuwa na kopo kubwa la mafuta ya msaada. Mafuta yakiisha, kopo linakuwa sufuria ya maharage. Likichakaa linapasuliwa na kupigiliwa kwenye mlango wa banda la kuku. Madam alisimama mbele ya meza hizo, akavaa miwani ambayo mguu wake mmoja ulikuwa uzi, akainua kopo juu na kutugeukia sisi wanafunzi wake tuliomfuata nyuma.

"Someni."

Tukasoma Kiingereza chote kilichoandikwa pale, yaani mafuta yametoka wapi, yametiwa vitamini gani, yana uzito gani, na kwamba hayauzwi.

"Hilo la mwisho maana yake nini?"

"Kwamba hayauzwi, Madam."

"Na huyu baba anafanya nini?"

"Anauza, Madam."

"Vizuri. Mmesoma na mmeelewa. Wapo wanaosoma tu."

Wauzaji wa siku zote walishamzoea, wakicheka naye. Siku moja alikuwepo muuzaji mgeni. Aliposikia watoto wanasoma habari ya kuuza na kutouza, akadhani amevamiwa na wakaguzi. Alisema mguu niponye, akaacha makopo, akaacha na ndala moja. Madam alibaki katikati ya soko na kopo mkononi akiita, "Baba, rudi! Mimi mteja! Nyumbani sina hata tone!" Alimsubiri hadi aliporudi, akamlipa, akamwomba radhi, kisha akatuuliza njiani kama tulijifunza lolote. Tulikuwa tumejifunza kwamba watu wazima wanaweza kukimbia sana.

Namwita Madam kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata mumewe, fundi cherehani mpole aliyeshona barazani kwake Ujiji, alimwita Madam, tena mbele ya wageni. Alikuwa mwalimu wetu wa sekondari, na jioni alitufundisha tena uani kwake bila ada, kwenye ubao wa plaiwudi aliousiriba mwenyewe kwa makaa ya betri kuukuu. Kazi yake kubwa, au niseme ugonjwa wake, ilikuwa mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Ule mtihani ulikuwa mmoja kwa nchi nzima, na ulipima zaidi ya yote kama mtoto anasoma akaelewa na anahesabu akapata. Ukishindwa mara ya kwanza unarudia darasa. Ukishindwa mara ya pili unarudi nyumbani.

"Pepa haina shangazi," alikuwa akisema. Maana yake hakuna wa kukuonea huruma kule inakosahihishwa.

Sasa mtu akisikia hivi atadhani alikuwa mkali. Alikuwa mkali, ndiyo, kwa muda wa kama chai kupoa. Alifoka kuhusu wanaochelewa, na yeye mwenyewe hajawahi kufika mahali kwa wakati. Alituambia tusiogope mtihani, na siku ya mtihani ni yeye aliyeshindwa kula. Alipiga vita kukariri, lakini yeye pepa za nyuma alizijua zote kwa moyo, na ukimkuta anafua utamsikia akizinong'ona kama mtu anayevuta uradi.

Hadithi ya Madam na nyanya sitaiacha. Faida na hasara alizifundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na mimi leo nina meza ya vitenge pale Mwanga ambayo inasimama kwa hesabu zake. Lakini mwenyewe akienda kununua, maskini! Kijana anamtajia bei ya fungu la nyanya. Madam anapiga hesabu kichwani, anamweleza kijana amenunua kwa kiasi gani Mwandiga, nauli imekula ngapi, na faida yake ni asilimia gani. Kijana anaduwaa. Halafu Madam anatoa bei ileile aliyotajiwa, hapunguzi hata senti. Tukimlaumu, anasema, "Hamkusikia alivyonisalimia? Shikamoo yake ilikuwa nzima."

Halafu mambo ya ziwa. Mwanamke huyu aliishi Ujiji, ziwa liko pale chini, na aliyaogopa maji kama paka. Kuna harusi alialikwa Mwamgongo, na kule hufiki ila kwa boti. Alivaa, akajipamba, akashuka hadi majini na zawadi yake kichwani. Akaitazama boti inavyocheza. Akamkabidhi mtu zawadi, akasema, "Waambieni nawapenda," akapanda mlima kurudi kwake. Na dagaa hakuwa akila. Hata harufu yake hakuiweza. Kuishi Ujiji ukachukia dagaa ni kujitafutia shida kwa makusudi, kwa sababu ile harufu ndiyo hewa yetu.

Hata hivyo ratiba yake yote ilifuata dagaa. Hapa nieleze kwa wasiojua. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa za karabai. Mwezi ukiwa mkubwa hawafuati taa, basi wavuvi hupumzika na mitumbwi hulala mchangani. Wengi wetu tulikuwa watoto wa ufukweni. Siku za giza tuliamkia kwenye kuanika, kugeuza na kukusanya, na jioni macho yanafumba yenyewe. Walimu wengine walituita wavivu. Madam alichukua kalenda ya ukutani, akafuata mwezi. Siku za giza hakutubana. Alisimama barabarani juu ya ufuko, leso puani, akatupigia maswali kwa sauti nasi tukamjibu huku tunageuza dagaa. Siku za mbalamwezi ndipo alipotukamua. Mitihani yote ya majaribio aliipanga mwezi mpevu, tumelala, tumeshiba, hatuna kisingizio. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba ratiba ya wizara haina mwezi.

"Ndiyo maana wanafeli," alijibu Madam, akaendelea na mwezi wake.

Katika darasa hilo la uani ndipo alipoingia Spesioza. Baba yake alikuwa mnunuzi wa dagaa kutoka Burundi, mteja wa mama yangu tangu sijazaliwa. Vita vilipomuua, mkewe na watoto wadogo waliishia kambini, na Spesioza akaletwa kwetu kwa sababu alikuwa na kichwa cha shule na mama alikuwa hawezi kumkatalia marehemu. Alipewa kibali cha kuishi mjini kwa ajili ya masomo. Shule ikiisha, kibali kimeisha, anarudi kambini. Tulilala kitanda kimoja, tukagombania shuka moja. Na alikuwa ameshashindwa mtihani wa kidato cha pili mara moja.

Hilo lilinishangaza, kwa sababu nyumbani hesabu zote za mama alizifanya yeye. Madam aliligundua jambo siku ya pili tu. Alimpa swali refu la mfanyabiashara mwenye magunia. Spesioza aliinama, akaandika kwa kidole kwenye mchanga wa uani, akafuta, akaandika tena, akafuta. Kisha katikati ya karatasi nyeupe pee akaweka namba moja, kwa mwandiko mzuri, akaipigia mstari kwa rula. Namba ilikuwa sahihi.

"Umenakili kwa nani?" Madam aliuliza.

"Kwa mtu hapana, Madam. Nimefanya hapa chini."

"Iko wapi?"

"Nimefuta."

"Umefuta kwa nini, mwanangu?"

"Ni uchafu, Madam. Kwetu mwalimu akiona uchafu ku karatasi, anapiga ku vidole. Uchafu unabaki chini, ku karatasi tunaandika jibu peke yake."

Madam alicheka mpaka akashika ubao, akatoka na mkono mweusi. Halafu akakaa chini mchangani, yeye na gauni lake, akamweleza taratibu. Hapa kwetu alama zinafuata njia. Aliyeleta jibu tupu hupata kijisehemu, na kwa bahati mbaya hudhaniwa amechungulia kwa jirani. "Anayesahihisha yuko mbali. Hakujui. Hajui kama una akili ama una jirani mwenye akili. Mwandikie kila kitu, hata ulipokosea ukarudi."

"Hata pale nilipokosea?" Spesioza aliuliza, kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila nguo.

"Hasa hapo."

Madam akamnyang'anya raba. Siku hiyo Spesioza aliililia ile raba usiku kucha, na mimi sikulala. Usafi ndio ulikuwa kitu pekee alichokuja nacho kutoka shule yake ya kwao, na sasa anaambiwa ni kosa. Lakini uani kwa Madam hakuna aliyeweza kukaa na huzuni muda mrefu. Kila akiinama kuandika, Madam anasema, "Chafua!" na darasa zima tunaitikia, "Chafua, Spesi, chafua!" Fundi cherehani naye anapokea kutoka barazani kwa mguu wa cherehani. Mwezi mpevu wa kwanza alichafua mistari miwili. Mwezi mpevu uliofuata akajaza ukurasa. Baadaye akachafua kupita kiasi, akawa anaandika hata maoni yake.

"Madam, huyu Juma mwenye machungwa yote haya, anayapeleka wapi?"

"Usimwulize Juma," alisema Madam. "Juma ana matatizo yake. Wewe gawanya."

Sasa mtihani wenyewe haukupangwa na Madam. Ulipangwa na watu wa mbali wasiowahi kuanika kitu, na mwaka ule siku ya hesabu iliangukia giza totoro, Novemba, dagaa wamejaa na mvua haitabiriki. Dagaa walioanikwa wakinyeshewa wanaoza, na mama alikuwa ametia kila alichonacho katika msimu ule. Alitutazama mimi na Spesioza tukila ugali wetu wa muhogo, akatoa hukumu.

"Mwajuma ataenda. Spesi atabaki na mimi ufukweni. Ameshafeli mara moja. Kumpeleka tena ni kutwanga maji kwenye kinu."

Mama hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa na mikono miwili na dagaa wa mitumbwi mitatu. Spesioza alisema "Ego, mama," ndiyo yao ya Kirundi, akaondoa vyombo. Nilimkimbilia Madam bila kuvaa viatu.

Madam alikuja palepale, amefunga kanga juu ya gauni la ndani. Na hapa ndipo mwanamke aliyetufundisha ukweli siku zote alipodanganya bila haya.

"Mama Mwajuma, serikali imeagiza. Kila aliyeandikishwa lazima aingie chumba cha mtihani. Ni amri."

"Serikali imeagiza?"

"Kwa maandishi."

"Basi serikali ije ianike dagaa."

Madam alikaza fundo la kanga yake.

"Itakuja," alisema.

Asubuhi ya pepa ya hesabu, tukiwa tunatoka nyumbani na kalamu zetu, tulimkuta njiani anashuka. Amevaa mabuti ya mumewe yanayompwaya, leso imefungwa puani kama daktari wa upasuaji, mwavuli kwapani. Tulisimama tukamtazama akishuka mpaka mchangani, penye wanawake wote wa ufukweni, na tukasikia sauti yake.

"Hodi! Serikali imefika!"

Kicheko kilichopanda kutoka kule tulikwenda nacho mpaka shuleni. Spesioza alicheka hadi akashika mbavu, yeye ambaye tangu hukumu ya mama hakuwa amefungua kinywa. Mama alimpa serikali fagio.

Katikati ya pepa ya hesabu mvua ikaja. Ilitoka upande wa Kongo kama kawaida yake, bila hodi, ikamwagika juu ya mabati mpaka msimamizi akawa anasogeza midomo tu. Nilimtazama Spesioza. Alikuwa ameweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa mlangoni, mguu mmoja umeshatoka chini ya dawati. Nilijua anawaza nini kwa sababu na mimi niliwaza hivyohivyo: dagaa, mama, mikono miwili. Kama angetoka, asingeruhusiwa kurudi, na habari yake ya shule ingekuwa imekwisha pale. Sikuweza kumwita.

Alikaa hivyo kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu akaurudisha mguu, akaokota kalamu, akainama. Aliandika kama mtu anayefukuzwa. Mvua ilipotulia, kulisikika sauti moja tu katika chumba kizima, ya Spesioza, mkono juu.

"Naomba karatasi ingine, Sir. Hii imejaa."

Yaliyotokea ufukweni sikuyaona, lakini mama aliyasimulia kwa miaka, na kila mara aliongeza chumvi, kwa hiyo nachukua yale ambayo majirani nao walikubali. Matone ya kwanza yalipodondoka, Madam alitupa mwavuli. Leso ikaondoka puani. Alifagia, akazoa, akajaza mabeseni, akakimbia nayo bandani, mabuti yakibaki njiani. Beseni moja lililokuwa karibu na maji lilibebwa na wimbi, dagaa wote wamo ndani. Madam akalifuata. Aliingia maji ya magotini, akaingia ya kiunoni, akalikamata, akageuka nalo kwa ushindi.

"Madam," mama akamwambia kwa upole, "uko ziwani."

Hapo ndipo alipopiga ukunga. Hakuweza kwenda mbele wala nyuma. Mama alilazimika kuingia kumshika mkono na kumtoa kama mtoto, na beseni hakuliachia.

Tuliporudi tuliwakuta bandani, wameloa wote wawili, wamekaa juu ya gunia, wanacheka machozi yanawatoka. Dagaa wengi walikuwa wamepona. Waliochomwa kidogo motoni walikuwa kwenye kifuniko, na nasikia Madam alikuwa amekula mmoja. Alisema ni mbaya kama alivyofikiria siku zote. Kisha alimwona Spesioza mlangoni, na kicheko kikakatika. Uso ulimgeuka kabisa; sijawahi kumwona anaogopa vile, hata mbele ya boti ya Mwamgongo.

"Umeacha kitu?"

"Oya, Madam," alisema Spesioza, hapana ya kwao. "Nimechafua zote."

Matokeo yalibandikwa ukutani mwa shule tukiwa tumeshafika mwaka mwingine. Madam alichelewa kufika, bila shaka, lakini alipofika watu walimpisha. Akavaa miwani, akapitisha kidole. Jina la Spesioza lilikuwepo kati ya waliofaulu, na hesabu alinipita mimi kwa mbali, jambo ambalo Madam alilitangaza kwa sauti mara mbili pasipo lazima. Mama alichinja jogoo. Spesioza alibaki kwetu hadi akamaliza kidato cha nne, na amani iliporudi kwao aliondoka na mama yake na wadogo zake, na mimi nikabaki na shuka nzima peke yangu, nikalia wiki nzima kwa sababu ya upana wake.

Mwaka huu nilikwenda Mwandiga kumwona Madam. Anakaa kwa binti yake sasa. Fundi cherehani ametangulia, miguu haina nguvu, na macho yanaona mwanga na vivuli tu. Nilimpelekea kitenge, akakipapasa, akaniambia bei yake na faida yangu, na alikuwa hajakosea. Tuliongea, tukacheka, tukasema watu. Halafu akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake.

"Yule mtoto wa Burundi. Kule alikorudi, ile shule ilimfaa kitu? Au tulimsumbua bure?"

Kumbe miaka yote hiyo hakuwa anajua. Nilitoa simu nikapiga, nikaiweka sauti kubwa, nikamwekea mkononi.

"Mwajuma, niko darasani," sauti ya Spesioza ilisema.

"Sikiliza nani yuko hapa," nikamwambia. "Madam."

Tukamsikia anageuka na kusema kwa Kirundi, haraka haraka, jambo refu ambalo mwishoni mwake nililitambua neno moja tu, Madam. Viti vikaburuzwa, watoto wengi wanasimama. Spesioza akarudi kwenye simu, sauti imemlowa.

"Madam, hawa ni wangu. Nafundisha hesabu. Nimewaonyesha salamu yenu, wanataka kukuamkia. Lakini ni wengi."

"Waje," alisema Madam.

Wakaja, mmoja mmoja, kila mmoja na sauti yake, wengine wakijikwaa kwenye neno wasilolizoea. "Shikamoo, Madam." Madam alikuwa amejinyoosha kwenye kiti, mgongo umesimama wima, mkono umeshika simu karibu na kifua. "Marahaba." "Shikamoo, Madam." "Marahaba, mwanangu." Binti yake akatoka jikoni kusema chakula kinapoa, akaona, akarudi ndani. Darasa lilikuwa kubwa, na mtandao ulikuwa unakatikakatika, lakini Madam hakumruka hata mmoja.